Ng'ombe kaanguka, ndama hasimami, na buchari yuko mlangoni

Salaam aleikum Ami. Shikamoo.

Mi naandika kutoka Mwakirunge huku ndani ndani, nisamehe kwa haraka na makosa manake mkono watetemeka. Tuna ng'ombe mmoja tu wa maziwa, Ayrshire wa kuchanganywa, twamwita Zuhura, na huyu ndo amekuwa akilipa karo ya watoto hapa nyumbani, huu ni uzao wake wa nne na hajawahi kutusumbua. Jana usiku kashikwa na uchungu mwendo wa saa nne, tukangoja, tukangoja, mpaka saa tisa usiku ndo ndama katoka, tena katoka kwa kuvutwa, majirani wawili na kamba.

Alipotoka hakutikisika. Jirani mmoja akamning'iniza miguu juu kwenye boriti ya banda akamchapa chapa mbavuni, makamasi yakatoka akaanza kuhema. Ni jike, mzuri wallahi, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Lakini tangu hapo yuwalala tu, kichwa kiko chini, nikimtia kidole mdomoni anakishika kidogo kisha anakiachia. Alfajiri mvua ilinyesha na banda letu la makuti lavuja upande mmoja, tulipokuja kumuona alikuwa ashalowa, tukamsogeza pakavu.

Mama mkwe akasema yale maziwa ya kwanza ni machafu, ni kama usaha, ndama akiyanywa atahara afe, yamwagwe mpaka yatoke meupe. Tulikamua kama lita mbili, manjano, mazito kama rojo, nusu ikamwagwa na nusu mama akaiteleka jikoni. Ndama tukamnunulia maziwa ya paketi dukani tukamtilia kwa chupa ya soda, akakohoa sana, yakamtoka puani, tukaogopa tukaacha.

Zuhura naye alisimama vizuri baada ya kuzaa, akamramba mwanawe, lakini ilipofika saa kumi na mbili akaanza kuyumba, miguu ya nyuma yagongana, akaketi na hajainuka mpaka sasa. Shingo kaikunja ubavuni, macho yamezubaa, hali, hanywi. Kondo la nyuma bado laning'inia.

Mume wangu yuko shifti ya usiku bandarini simu hashiki. Shemeji ashaita buchari, amekuja mara mbili, anatoa elfu thelathini, ati tuchinje kabla hajajifia awe mzoga, na ndama tumuache "atakwenda mwenyewe". Mimi nina mimba ya miezi sita na nimechoka lakini roho yakataa. Sa hii ni saa tatu asubuhi. Ami nifanye nini?

Mama wawili, Mwakirunge

*

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeifungua saa tatu u robo na zingine zote nimeziweka kando, hii haiwezi kungoja zamu. Usisome yote ukiwa umekaa, soma kipande kimoja, tuma mtu, kisha urudi usome kingine.

Kwanza kabisa, buchari asichinje. Hofu ya mzoga naielewa, kila mwenye ng'ombe huku kwetu anayo na si ya kuchekwa, hasara ya elfu thelathini si ndogo, lakini hayo uliyoniandikia, ng'ombe wa uzao wa nne, mwenye maziwa mengi, kazaa vizuri akasimama kisha masaa matatu baadaye akayumba akaketi na kukunja shingo ubavuni, hayo nimeyaona mara nyingi na mara nyingi mno yule ng'ombe alisimama siku hiyo hiyo. Najua wewe ni mke wa nyumba hiyo na huwezi kumfokea shemeji mbele ya mama mkwe. Basi usimfokee, msomee mama haya ninayoandika, kwa utaratibu, mwambie Ami aomba apewe mpaka adhuhuri tu. Mtu mmoja akae na Zuhura, asiondoke, hali ikigeuka vibaya mtamuona, hatawafia kwa siri.

Sasa mshike masikio. Shika ncha zote mbili kwa kiganja. Kama ni ya baridi, baridi ile ya kikombe kilichotoka mtungini, na pua imekauka, basi hiyo ndo ile wanaita homa ya maziwa. Jina lapotosha watu, manake homa hakuna, mwili wapoa badala ya kupanda. Kinachotokea ni kwamba kiwele kinapoanza kujaa kinavuta kalisiamu kwa nguvu kutoka kwenye damu, na ng'ombe mkubwa wa uzao wa tatu au wa nne hawezi kuitoa upesi kwenye mifupa yake, na misuli bila kalisiamu haifanyi kazi, ndo maana miguu inakataa, na ikiachwa, misuli ya moyo nayo hufuata. Lakini kama masikio yana moto wa kawaida, yuko macho, anataka kula ila nyuma ndo hapandi, basi pengine ni mishipa ya fahamu imeumia alipokuwa akivutwa ndama, na hiyo nayo ina matibabu yake. Vyovyote vile ni daktari.

Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, na umtajie vitu kwa mpangilio huu ili aje na dawa mkononi asije kuangalia tu kisha arudi mjini kuifuata: uzao wa nne, kazaa saa tisa usiku kwa kuvutwa, kaanguka saa kumi na mbili, masikio yako hivi, shingo hivi, kondo halijatoka, na ndama hana nguvu ya kunyonya na maziwa yalimtoka puani. Uliza kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, ni haki yako kuuliza na wa kweli hakasiriki. Kama huna namba yake, agroveti yoyote ya Kisauni au Kiembeni huwa wanawajua wanaozunguka upande wenu, na ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo nayo ipo. Mtu asije akakuuzia ile chupa ya kalisiamu mumdunge wenyewe mshipani. Hiyo drip huingia polepole sana huku daktari akisikiliza moyo, ikienda mbio moyo husimama pale pale, na nishaona zizi la watu limelia kwa sababu ya kijana aliyetaka kumaliza haraka aende kwingine.

Na jambo la pili kwa Zuhura, nakuomba kwa Mungu, msimtie kitu mdomoni. Si soda, si maji ya chumvi, si mafuta, si uji. Ng'ombe wa hali hiyo koo limelegea, hamezi sawasawa, kinaenda mapafuni. Mimi mwenyewe nilimpoteza ng'ombe hivyo, alikuwa amelala vile vile shingo ubavuni nikamshika taya nikammiminia maji ya chumvi kwa chupa nikidhani namsaidia, kalisiamu ikaja ikamuinua na akasimama tukashukuru, siku nne baadaye akafa kwa mapafu. Bado nayasikia yale makohozi. Maji muwekee karibu, akiweza kuinua kichwa na kunywa mwenyewe sawa, hata ya uvuguvugu yenye molasi kidogo, lakini kwa hiari yake.

Mkalishe kifua chini, asilale ubavu mzima, ubavu mzima gesi hujaa tumboni akafa kwa hilo tu. Tafuteni magunia mawili myajaze mchanga au majani myakandamize ubavuni kama mto. Chini yake pawe na mchanga au nyasi nyingi, sio sementi na sio tope, na kila masaa mawili mumgeuze, uzito uhamie paja la pili, manake nyama za paja zikilaliwa nusu siku zinakufa na hapo hata kalisiamu ikija hasimami tena. Hiyo kazi ni ya wanaume, wewe na mimba yako usiguse. Na jua la saa tano lisimkute wazi, mtieni kivuli hata cha turubai.

Sasa ndama, na hapa ndipo roho yangu iko.

Mwanangu, huyu mtoto hajachelewa bado lakini dakika zake zahesabika. Ndama anazaliwa hana kinga hata chembe, mamake hakumpa chochote cha kinga alipokuwa tumboni, yote imo kwenye yale maziwa ya manjano, dang'a, na utumbo wake uko wazi kuipokea kwa muda mfupi tu. Masaa sita ya kwanza ndo bora, baada ya hapo mlango unaendelea kufunga, na yakifika masaa ishirini na nne ushafunga, akinywa atashiba lakini kinga haiingii damuni. Kwako sasa masaa sita yamepita. Yaliyobaki tusiyapoteze.

Mama mkwe hakukosea kwa ubaya, wazee wetu wengi waliona rangi ile na uzito ule wakadhani ni uchafu, na dang'a kweli inalainisha tumbo la ndama, lakini hiyo ni kazi yake, inasukuma kile kinyesi cheusi cha tumboni kitoke. Ile aliyoichemsha haina faida kwa ndama tena, moto umeua kinga. Muacheni ailishe nyumba, kwa mtu kuchemsha ndo sawa, msiionje mbichi, hasa wewe. Na maziwa ya paketi ni chakula tu, kinga haimo hata tone.

Kabla ya dang'a, mpasheni joto. Watu wa hapa twajidanganya sana na hili la "Mombasa hakuna baridi". Ndama aliyelowa mvua ya alfajiri, na upepo wa kusi ukimpiga, anapoa kama samaki, na ndama aliyepoa hanyonyi na tumbo lake halisagi. Tia kidole mdomoni tena. Ulimi ukiwa wa baridi na mdomo umelegea, hapo ni joto kwanza. Kama una ile themometa ya kidijitali ya watoto, mtie matakoni, ndama mzima yuko 38.5 mpaka 39.5, akiwa chini ya 38 mpasheni joto haraka, akiwa chini ya 37 mwambie daktari kwa simu tena. Chukueni gunia kavu mumsugue mwili mzima kwa nguvu, kinyume na mlalo wa manyoya, kama vile mamake angemramba, kusugua kwenyewe kunaamsha damu na pumzi. Kisha jaza chupa za maji ya moto, yale ya kuoga sio ya chai, zifunge kwa leso kuukuu, weka mbili kwapani na mbili mapajani kwa ndani, mfunike leso nyingine juu. Akae kifua chini miguu imekunjwa pande zote mbili, hapo mapafu yote mawili yanafunguka. Yale ya kuning'iniza miguu juu, muambie jirani kwa upole asirudie, najua alifanya kwa nia njema na ndama alihema, lakini tumbo lote laangukia mapafu na yale makamasi mengi yanayotoka ni ya tumboni. Ukoka tu mkavu ukimchokoza tunduni mwa pua hupiga chafya akavuta pumzi.

Akishapata joto, mkamueni Zuhura pale pale alipolala. Ya ndama tu, lita moja na nusu hivi kwa sasa, msimalize kiwele, kila mnachotoa leo kinavuta kalisiamu zaidi. Nani akamue? Mtu mwenye mikono safi, sio wewe. Muoshe chuchu kwa maji ya uvuguvugu, azikaushe kwa kitambaa, matone ya kwanza kutoka kila chuchu ayaangalie kwenye kiganja, yakiwa na mabonge au damu, maziwa ya chuchu hiyo asitumie. Kama Zuhura hatoi, uliza jirani yeyote aliyezalisha ng'ombe jana au leo, au mfugaji mwenye dang'a iliyogandishwa frija, hiyo huyeyushwa ndani ya maji ya moto unaoweza kutia mkono, usiiweke jikoni.

Iwe na joto la mwili, ukidondoshea kifundo cha mkono usihisi moto wala baridi. Tumia chupa yenye chuchu ya mpira, agroveti wanazo, na ukikosa kabisa ile ya mtoto yenye tundu lililopanuliwa kidogo. Kichwa kisiinuliwe kuangalia mbinguni, hapo ndo ile ya soda iliwaponza, pua iwe usawa wa macho au chini yake, kama anavyonyonya kwa mamake. Tia chuchu mdomoni, mkwaruze kaakaa kwa kidole, ngoja. Wacha anyonye yeye. Unamuona koromeo likipanda na kushuka, taratibu, na mkia unaanza kutikisika, wallahi ule mkia ukitikisika mara ya kwanza hata mtu mzima hulia. Akinyonya robo lita akachoka, pumzika robo saa, rudi. Ndama wa kilo thelathini ahitaji kama lita tatu kwa jumla, kumi kwa mia ya uzito wake, mgawanye mara mbili tatu mpaka magharibi.

Na kama hata baada ya joto hanyonyi kabisa, msimimine. Hapo ni mpira wa daktari unaopita kooni mpaka tumboni, dakika tano kazi imekwisha, ndo maana nimesema umtajie daktari mapema. Kwa vile maziwa yashamtoka puani mara moja, muangalieni anavyohema, akianza kuhema mbio, mbavu zavutwa ndani, au anakoroma, hiyo huenda ni mapafu na ahitaji dawa leo, sio kesho.

Kitovu mkitie ayodini sasa, sio majivu, sio mafuta ya taa, sio kinyesi. Mimina kwenye kikombe kidogo uzamishe ule uzi wote mpaka kwenye ngozi, rudia jioni na kesho mpaka ukauke. Huku kwetu nzi hawachelewi, kitovu kibichi siku mbili unakuta funza.

Kondo la nyuma. Msilivute, wala msifunge jiwe lining'inie kama wafanyavyo wengine, linachanika na kipande kinabaki ndani kioze. Mpaka saa tisa leo mchana bado ni kawaida, ikipita siku nzima ni kazi ya daktari. Na hili nalisema kwako wewe mwenyewe kwa herufi kubwa ningeweza: usilishike, wala maji maji yake, wala nyasi zilizolowa, kuna ugonjwa wa brusela unaotoka hapo na mja mzito ndiye wa kuogopa zaidi. Anayeshika avae glavu, likitoka lizikwe chini sana mbwa wasifukue. Majirani waliovuta ndama nao waoge kwa sabuni, na mmoja wao akishikwa na homa isiyoisha wiki hizi amwambie daktari kwamba alizalisha ng'ombe.

Kalisiamu ikishaingia utamuona Zuhura anatetemeka, anacheua, anakunya, halafu anajaribu. Wengi wanasimama ndani ya masaa machache, wengine nusu saa. Msimchape, msimvute mkia, mpe nafasi na ardhi isiyoteleza. Na akisimama msishangilie mkalala, wapo wanaoanguka tena kabla ya siku mbili, mwambie daktari akuachie namba ya usiku. Kama atapigwa antibayotiki uliza siku za kungoja kabla ya kuuza maziwa, na nyama pia, na umwambie shemeji hilo mapema ili asije akamuita yule buchari tena kesho.

Ndama asipelekwe mbali na macho ya mamake. Hata akiwa hanyonyi kutoka kwake, mlazeni mbele ya pua yake, akipata nguvu Zuhura atamramba, na nimeona ng'ombe aliyekuwa amekata tamaa akanyanyuka kwa kusikia mtoto alia.

Ya mbele tutazungumza akishapona, kuna miezi miwili ya kumkausha, yaani kuacha kumkamua, kabla ya kuzaa, chumvi ya madini ya wakati ule, na daktari kumtilia kalisiamu mapema siku ya kuzaa, manake aliyeanguka mara moja huenda akaanguka tena uzao ujao. Na huyu mdogo akikua kidogo muulize daktari chanjo ya ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, kupe wa Pwani hawana huruma na Ayrshire.

Sasa weka simu chini. Daktari kwanza, kisha maji ya moto na leso. Saa nne na nusu nitakupigia mwenyewe kwa namba uliyoandika nikuulize masikio ya Zuhura na ulimi wa mwanawe, na mumeo akishuka shifti amkute mtu mmoja kando ya ng'ombe na mwingine kando ya ndama.

Ami